Kaunti wamefuta kesi, federali wamemchukua: inakuwaje kosa moja, serikali mbili?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Wakili, habari za kazi. Mimi niko Mombasa, mdogo wangu yuko Texas, alienda na viza ya masomo 2021, shule akaiacha katikati. Mwezi wa pili alisimamishwa usiku na polisi sababu taa ya nyuma ya gari ilikuwa haiwaki, wakakuta bastola na kadi za benki 34 zenye majina ya watu wengine. Akalala jela ya kaunti siku 19, tukachanga dola 3,000 tukampa mtu wa bondi, akatoka. Majuzi tukaambiwa kaunti wamefuta kesi, mama akapika, tukamshukuru Mungu. Siku ya tatu saa kumi na mbili alfajiri wakaja watu wa federali wakamchukua, na sasa tunaambiwa yuko jela ileile ya kaunti! Kosa ni lilelile, usiku uleule. Hii inaruhusiwa kweli? Pesa za bondi tunaweza kudai? Na baba anataka kuuza kiwanja cha Kilifi apate pesa ya wakili, auze?"

Dada yangu, pole sana, na unipelekee pole kwa mama. Nikujibu kwa ufupi kwanza maana najua hamlali huko: ndio inaruhusiwa, pesa za bondi hazirudi, na kiwanja msiuze, angalau sio sasa. Nikishasema hivyo naomba ukae unisome taratibu, sababu familia nyingi zinaumia sio kwa kukosa pesa, zinaumia kwa kutojua kijana yuko mikononi mwa nani.

Tuanze na hicho mlichokisherehekea. Kesi kufutwa sio kushinda kesi. Kushinda ni juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, ikae, isikilize, iseme hana hatia. Kufutwa ni mwendesha mashtaka wa kaunti tu anasema mimi nimetoa mkono wangu hapa, na mkono anautoa kwa sababu nyingi, pengine shahidi kapotea, pengine ushahidi mbovu, au kama ilivyotokea kwenu, mwenzake wa federali, yaani wa serikali kuu ya Marekani, kamwambia huyu niachie mimi. Nimeyaona haya mara nyingi, familia inanipigia kwa vigelegele, na mimi swali langu la kwanza linakuwa hilo hilo kila siku, karatasi ya kufuta kesi imeandika sababu gani? Mkiipata hiyo karatasi isomeni vizuri, mara nyingine jibu limekaa humo humo kwa mstari mmoja.

Sasa kwanini kuna wawili. Sisi tumezoea serikali moja kwenye mambo ya jinai. Kenya kuna kaunti 47 lakini mtu akiua Kilifi au akiua Turkana karatasi inaandikwa Republic dhidi ya fulani, na DPP ni mmoja. Tanzania kidogo wanaweza kunielewa haraka, maana Zanzibar ina DPP wake, Mahakama Kuu yake na sheria yake ya adhabu, na bara ina za kwake. Lakini hata hapo angalia tofauti, kosa la Unguja linashughulikiwa Unguja na la Kariakoo linashughulikiwa Dar, ni serikali mbili zimekaa upande kwa upande. Marekani serikali mbili zimekaa juu ya udongo uleule. Mdogo wako alipokuwa amesimama kando ya ile barabara usiku, alikuwa amesimama juu ya ardhi ya Texas na wakati huohuo juu ya ardhi ya Marekani, na kila moja ina kitabu chake cha makosa, waendesha mashtaka wake, mahakama zake na magereza yake. (Nikisema jimbo hapa nina maana Texas, Ohio, Minnesota, sio jimbo la ubunge.)

Kazi kubwa ya jinai ni ya majimbo. Wizi, kupigana, mauaji, ubakaji, kuendesha gari umelewa, karibu yote hayo yanaishia mahakama ya jimbo, na ukichukua kesi za jinai za nchi nzima zaidi ya tisa kati ya kumi ni za huko. Serikali kuu haina ruhusa ya jumla ya kuadhibu kila uovu, inatakiwa ionyeshe kwamba jambo limegusa kitu ambacho Katiba imeipa: biashara inayovuka mipaka ya majimbo, posta, sarafu, kodi, uhamiaji, mali yake yenyewe na watumishi wake. Mimi huwa naita ndoano. Bila ndoano federali hawezi kuvuta samaki, hata kosa liwe baya namna gani.

Na kuna kesi moja inafanana na yenu mpaka inashangaza, tena ya huko huko Texas. Machi 1992, San Antonio, kijana wa kidato cha mwisho anaitwa Alfonso Lopez aliingia shuleni na bastola. Jimbo likamkamata na kumshtaki kwa sheria ya Texas. Kesho yake jimbo likafuta, maana maajenti wa federali walishamfungulia mashtaka ya kwao, kwa sheria ya 1990 iliyokataza bunduki karibu na shule. Umeona? Kufutwa kulekule mlikokusherehekea nyinyi. Akahukumiwa miezi 6, mawakili wake wakakata rufaa wakasema bunduki ndani ya shule inahusiana vipi na biashara ya kati ya majimbo? Ikafika Mahakama ya Juu Washington na 1995, majaji 5 kwa 4, ikasemwa kweli, ndoano hakuna, sheria ikaanguka. Hapo ndipo mawakili wote wa Marekani walikumbushwa kwamba nguvu ya federali ina ukingo. Lakini sikwambii hii kukupa matumaini ya bure, maana bunge lao baadae liliirudisha ile sheria kwa kuongeza maneno machache tu, kwamba bunduki iwe imepita kwenye biashara ya kati ya majimbo, na bunduki nyingi zimepita. Nimekuletea Lopez ili ujue swali la kwanza la wakili mzuri ni ndoano iko wapi.

Kwa mdogo wako nahofia ziko mbili na zote zimeingia vizuri.

Ya kwanza ni bastola. Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea anaweza kubeba bastola bila leseni ya kubebea, ilimradi sheria haimkatazi kumiliki, na vijana wetu wanasikia hiyo nusu ya kwanza tu, wanaona marafiki wazawa wananunua, wanaweka kwenye gari, wanasema hapa ni ruhusa. Kumbe sheria ya federali inamkataza mtu aliyeko nchini bila kibali, na vilevile aliyeingia kwa viza ya muda kama ya masomo au ya matembezi, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vijitundu vidogo kama mwenye viza aliye na leseni halali ya kuwinda. Adhabu yake tangu 2022 imepandishwa mpaka miaka 15. Yaani kitu ambacho polisi wa barabarani wa Texas pengine asingekijali sana, kwa federali ni kesi kamili. Hii inaniuma kila nikiiona maana hawa vijana hakuna aliyewakalisha akawaambia, anafundishwa kuhusu bima ya gari, anafundishwa kuhusu kodi, hili hakuna anayelisema.

Ya pili ni kadi. Sheria ya federali ya kadi na akaunti inahesabu, na hesabu yake ni 15. Ukikutwa na kadi au namba za watu kuanzia 15, kwa nia ya kudanganya, na jambo likigusa biashara ya kati ya majimbo (na benki ziko kila jimbo), hapo ni kosa la mpaka miaka 10. Yeye kakutwa na 34. Halafu kuna kosa lingine wanalolipenda kuliambatanisha, la kutumia utambulisho wa mtu wa kweli, hilo lina miaka 2 ambayo hakimu hana uwezo wa kuipunguza na lazima ifuate nyuma ya kifungo kingine, haiendi pamoja nacho. Na usishangae ukisikia waliomchukua ni Secret Service, wengi wanawajua kwa kumlinda rais tu, lakini walianzishwa 1865 kwa ajili ya pesa bandia na mpaka leo mambo ya kadi ni kazi yao.

Hapohapo nikupe jambo moja la kumpelekea wakili wake, liandike mahali. Kuna mwanafunzi mmoja wa kutoka Falme za Kiarabu alikuwa anasoma Florida kwa viza kama ya mdogo wako, akafeli, chuo kikamfukuza, hakuondoka nchini, siku moja akaenda uwanja wa kulenga shabaha akafyatua bunduki. Akafungwa miezi 18. Kesi yake, Rehaif, ilifika Mahakama ya Juu 2019 na majaji 7 kwa 2 wakasema haitoshi kuthibitisha kwamba alishika bunduki, serikali lazima ithibitishe pia kwamba alijua hali yake ya uhamiaji, kwamba yeye ni wa lile kundi lililokatazwa. Kwahiyo mdogo wako aliambiwa nini na chuo, barua zilimfikia, alihama nyumba, alidhani bado yuko halali? Haya sio maswali madogo. Tafuteni barua pepe, tafuteni meseji, mpeni wakili wake peke yake.

Sasa swali lako la msingi, kushitakiwa mara mbili kwa jambo moja. Katiba ya Marekani inakataza mtu kutiwa hatarini mara mbili kwa kosa moja, ni kweli, na ya Kenya inakataza pia kwenye kifungu cha 50. Lakini mahakama zao kwa zaidi ya miaka mia zimesema "kosa" ni kuvunja sheria ya serikali fulani, kwahiyo ukivunja sheria ya serikali mbili kwa tendo moja umefanya makosa mawili. Alabama kuna mtu anaitwa Gamble, 2015 polisi walimsimamisha kwa ajili ya taa ya mbele mbovu (taa tena, dada yangu, taa), wakakuta bastola na alikuwa na rekodi ya nyuma. Jimbo likamfunga mwaka 1. Federali nao wakamshtaki kwa bastola ileile, miezi 46. Akapanda mpaka juu, na 2019 majaji 7 kwa 2 wakakataa, wakasema utaratibu ni huohuo wa siku zote. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Ruth Bader Ginsburg na mwingine Neil Gorsuch, watu ambao kwa mambo mengine walikuwa mbali sana kimawazo, na mimi kwa moyo wangu nakubaliana na hao wawili, kwa sababu mgongo unaochapwa ni mmoja hata kama mikono inayochapa ni miwili. Lakini sheria ndio ile ya waliokuwa wengi na lazima tuishi ndani yake.

Sio kila mara hii ni dhuluma pia, niseme ukweli. Wale polisi waliompiga Rodney King Los Angeles 1991, juri ya jimbo iliwaachia 1992, na ni kesi ya federali ya 1993 iliyowatia hatiani wawili wao. Na Derek Chauvin aliyemuua George Floyd alihukumiwa na jimbo la Minnesota 2021 miaka 22 na nusu kwa mauaji, halafu federali 2022 miaka 21 kwa kuvunja haki za raia, zinakwenda pamoja. Nyinyi watu wa Kenya na ndugu zetu wa Tanzania mmeuona mkono wa federali kwa namna nyingine kabisa, maana mabomu ya 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya wa kawaida waliokuwa kazini, na kesi zake zilisikilizwa mahakama ya federali Manhattan kwa sababu ubalozi ni mali ya serikali kuu na Wamarekani nao waliuawa. Ghailani wa Zanzibar alishtakiwa hapo kwa mashtaka zaidi ya 280, juri 2010 ikamtia hatiani kwa moja tu, na hilo moja likatosha kifungo cha maisha. Jimbo la New York kesi hiyo lisingeigusa. Ndoano ikiwepo umbali sio tatizo.

Kwa mdogo wako basi hata hiyo hoja ya mara mbili haijafika, maana jimbo halikumhukumu, lilifuta kabla juri haijaapishwa. Wizara ya sheria ya federali ina utaratibu wake wa ndani wa kutorudia kesi ambayo jimbo limeshaimaliza mpaka kuwe na sababu nzito, na majimbo mengine kama New York yana sheria ya kuwazuia waendesha mashtaka wao kurudia, lakini yote hayo ni ya kesi iliyokwisha. Yenu ilihama.

Kuhusu jela ileile. Hii inawachanganya watu kweli, kuna mama mmoja aliniambia wewe unanidanganya, mwanangu yuko kitanda kilekile. Federali hawana mahabusu za kutosha kila mji, kwahiyo U.S. Marshals, polisi wa mahakama za federali, wanakodisha vitanda kwenye jela za kaunti. Jengo ni la kaunti, mlinzi ni wa kaunti, uji wa asubuhi ni wa kaunti, lakini mfungwa ni wa federali, na sherifu hawezi kumtoa hata mkipeleka milioni. Kwahiyo msiangalie jengo, angalieni karatasi. Juu kabisa ya karatasi ya mashtaka pameandikwa nani anashtaki. Ikiwa ni The State of Texas mko jimbo. Ikiwa ni United States of America mko federali, na namba ya kesi katikati itakuwa na herufi mj kama bado iko mwanzoni kwa magistreti, au cr kama grandi juri (raia wanaopima kama mtu ashtakiwe, nitaieleza chini) imeshapitisha mashtaka. Kuna mfumo wa mtandaoni unaitwa PACER, hata wewe ukiwa Mombasa unaweza kufungua akaunti, senti 10 kwa ukurasa, na ukitumia chini ya dola 30 ndani ya miezi mitatu hawakutozi kitu. Fungua leo. Bora usome mwenyewe kuliko kusubiri binamu wa Dallas akutafsirie kwa simu.

Zile dola 3,000. Mtu wa bondi hakuzipeleka mahakamani, ile ni ada yake, kawaida kama asilimia 10 ya dhamana, kwahiyo dhamana ilikuwa elfu 30 na yeye aliweka dhamana yake nyinyi mkamlipa kwa hiyo kazi. Kazi aliifanya, kijana alitoka. Kesi ikifutwa yeye harudishi. Kama mngelipa elfu 30 taslimu kwa kaunti wenyewe hapo kesi ikifutwa zinarudi kwa aliyelipa. Mkiwa mliweka kitu cha ziada kwa huyo jamaa kama rehani, hati ya gari au kitu chochote, hicho daini mara moja na muombe kwa maandishi.

Na tafadhali msiende kwake tena kwa hii ya sasa. Dhamana ya federali haiendeshwi hivyo, kwa kawaida hakuna mtu wa bondi kabisa. Kuna kikao cha kuamua atolewe au azuiwe, serikali inaweza kuomba siku 3 za kujiandaa, upande wa utetezi mpaka siku 5, na kwa mtu asiye raia hakimu anaweza kumshikilia mpaka siku 10 ili uhamiaji wapewe taarifa. Hakimu anachouliza sio una shilingi ngapi, anauliza huyu atakimbia, na ni hatari kwa watu? Kabla ya kikao ofisa atamhoji mdogo wako kuhusu nyumba, kazi, ndugu. Kwahiyo kama kuna shangazi au rafiki wa familia huko Texas mwenye nyumba ya kudumu, kazi, makaratasi safi, na ambaye yuko tayari kusimama mbele ya hakimu aseme huyu atalala kwangu na akiondoka nitawapigia, huyo mtu ana thamani kuliko kiwanja cha Kilifi. Anatakiwa awepo mahakamani kwa mwili, sio kwa barua. Ila nikwambie na upande wa pili, ICE, yaani watu wa uhamiaji, wakiwa wamemwekea zuio, hakimu anaweza kumtoa mlango huu na uhamiaji wakampokea mlango ule, na hapo siku anazokaa kwa uhamiaji zinaweza zisihesabiwe kwenye kifungo. Kwahiyo kuomba dhamana au kutoomba ni uamuzi wa kukaa na wakili, sio wa haraka.

Na zile siku 19 za mwanzo? Hazipotei. Kwa kuwa jimbo halikumpa kifungo chochote cha kuzihesabia, ukifika wakati wa hesabu za federali zinatakiwa zitolewe kwenye kifungo. Muda aliokuwa nje kwa bondi hauhesabiwi. Hifadhini karatasi ya kuingia na ya kutoka jela, maana nimeshawahi kuona siku zikisahaulika na mtu anaandika barua miezi kuzidai.

Ipi afadhali basi, jimbo au federali? Watu wanaangalia namba ya juu. Kwa Texas, kukutwa na taarifa za utambulisho za watu kuanzia 10 na chini ya 50 ni daraja la pili, miaka 2 mpaka 20, ukilinganisha na 10 ya federali unasema kumbe tumepata nafuu. Sio hivyo. Texas kuna probesheni (kifungo cha nje), na kuna paroli (kutolewa kabla kifungo hakijaisha), kwa makosa yasiyo ya ukatili faili linaweza kufika mezani akishatimiza robo ya kifungo na siku za tabia njema zikihesabiwa. Federali walifuta paroli, sheria ya 1984, kwa makosa yote kuanzia Novemba 1987. Kuna siku 54 kwa mwaka za tabia njema na basi, kwahiyo akipewa miaka 4 ajue atakaa zaidi ya mitatu. Kuna sheria ya 2018 inayoongeza siku kwa wanaofanya programu gerezani, lakini mwenye amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini siku hizo haziwezi kumtoa mapema. Upande wa federali kuna mwongozo wa hukumu, mahesabu ya pointi, na humo kila kadi inahesabiwa hasara isiyopungua dola 500 hata kama haijawahi kutumika. Thelathini na nne mara mia tano, elfu 17.

Na hiyo elfu 17 ndio inayonitia hofu kuliko gereza. Sheria ya uhamiaji inasema kosa la udanganyifu lenye hasara ya zaidi ya dola 10,000 kwa aliyedhulumiwa ni la kundi zito kabisa, ambalo likishaandikwa milango karibu yote ya kubaki inafungwa. Hasara ya kwenye mwongozo na hasara ya uhamiaji sio kitu kimoja, lakini ofisa wa uhamiaji atasoma makubaliano ya kukiri kosa, na namba atakayoikuta humo ndio atakayoitumia. Kesi nyingi sana za federali, zaidi ya asilimia 90, zinaisha kwa kukiri, kwahiyo vita yenyewe iko kwenye ile karatasi ya makubaliano, kosa gani anakiri na hasara imeandikwa kiasi gani, au haikuandikwa kabisa. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili anawajibika kumweleza mteja matokeo ya uhamiaji kabla hajakiri. Mdogo wako amuulize kwa maneno haya: nikisaini hii, uhamiaji watanifanya nini? Asipopata jibu la wazi asisaini siku hiyo.

Tumefika kwenye kiwanja. Huko kwetu ukisikia wakili wa serikali unajua ni mtu aliyepewa faili asubuhi. Federali sio hivyo. Watetezi wa umma wa federali kazi yao ni hiyo tu, wanawajua majaji kwa majina na tabia, wana wapelelezi wao, wana mafungu ya kulipia wataalamu, na kwa maoni yangu wengi wanawashinda mawakili wa kulipwa wanaofanya kesi za ulevi barabarani jimboni halafu mara moja kwa mwaka wanaingia federali. Mdogo wako hana mali, hakimu atamuuliza mapato yake yeye, sio kiwanja cha baba yake Kilifi. Ajaze fomu kwa ukweli, apewe mtetezi. Mkionana naye mkaona mambo hayaendi ndipo mrudi kwenye mazungumzo ya kulipa, na hata hapo muulizeni huyo wakili amesimamia kesi ngapi mahakama ya federali ya wilaya hiyo hiyo (Texas zina wilaya nne), sio alisoma wapi. Akikwambia kwa dola kadhaa anaweza kurudisha kesi jimboni, ondokeni. Uamuzi wa kuihamisha sio wa mshtakiwa wala wa wakili wake.

Muda nao unakimbia. Tangu kukamatwa na federali wana siku 30 za kupata mashtaka ya grandi juri, ambayo ni raia 16 mpaka 23 wanaokaa faraghani na wanatakiwa 12 kukubali. Jaji hayupo mle, wakili wake hayupo, kwahiyo mkisikia "grandi juri imempitisha" msidhani amehukumiwa. Baada ya hapo kesi inatakiwa ianze ndani ya siku 70, ingawa mara nyingi pande zote zinaomba kuongeza. Mahakamani aombe mkalimani wa Kiswahili hata kama Kiingereza anakiweza cha dukani na cha chuoni, mahakama ndio inalipa. Na ana haki ubalozi wa Kenya ujulishwe, aseme anataka.

La mwisho linahusu nyumba yenu na naomba ulifanye usiku wa leo. Simu za jela zinarekodiwa, inasemwa mwanzoni mwa kila simu kwa sauti ya mashine na watu wanaisubiri iishe waanze kuongea. Familia zinadhani Kiswahili ni mlango umefungwa. Sio. Nimekaa na rekodi imeshatafsiriwa, neno kwa neno, mama anamuuliza mwanae "zile kadi alikupa nani?" na kijana kwa heshima anamjibu mama yake, maana atamficha vipi, na ile sentensi moja ikawa ukurasa wa ushahidi. Kwahiyo akipiga, mama amuulize amekula, amelala, ana blanketi, anasali. Ya kadi, ya bastola, ya nani alikuwa kwenye gari, yasitajwe na mtu yeyote, wala kwa mafumbo, wala kwa Kigiriama.